Selina Hana Mjomba

Mkunya, Newala

Kwa Kaka Nikolao,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Anjelina na watoto, na kile kifua chako kimepoa. Huku sote wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea kunishinda mimi. Careen anakusalimu, anauliza mjomba wake atakuja lini.

Ningekupigia simu, ila nakujua: ukikasirika unakata, kisha unazima kabisa. Nina neno zito juu yangu na Chiungutwa, kule ulikonitoa mwaka juzi kwa mume wangu. Nitalifikia. Nakuomba usome kwa mpangilio, usirukie mwisho.

Jirani yetu Ziada amenunua televisheni, na jioni wanawake tunajazana kwake kutazama tamthilia iitwayo Jumba la Mzee Kaboza. Nimeifuatilia hadi nimekuwa mpelelezi. Kuna mzee alipofuka kwa ajali, tukamlilia sana. Majuzi tumemwona anaendesha gari mwenyewe, wala hatukuambiwa amepona lini. Kuna mtoto alikwenda kulala akiwa chekechea, akaamka ana ndevu na kazi benki. Ziada anasema watunzi wamechoka. Mimi nadhani wamebadilishana, na huyu mpya hakumuuliza wa zamani aliishia wapi. Bibi Pili, ambaye macho yake hayaoni vizuri, anasema hao ni majini na wanageuka wapendavyo. Hakuna aliyembishia.

Aliyetukorofisha hasa ni Selina. Mumewe alimtukania mama yake mbele ya watu, naye akaapa kwamba hata maji ya nyumba ile hatakunywa tena. Tukampenda. Wiki iliyopita tunawasha televisheni, Selina yuko jikoni kwa mumewe anakaanga mayai na kucheka. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyeitwa kikaoni. Ziada akadhani umeme ulipokatika tulipitwa na kipande. Tukaulizia kwa dada yake aliyeko Tandahimba, ambako umeme ulikuwepo. Hakukuwa na kipande chochote.

Ndipo Bibi Pili akauliza mjomba wake Selina yuko wapi, maana ndiye wa kumtoa na wa kumrudisha. Kaka, tulitazamana. Kweli, tangu mwanzo hatujamwona. Kaka wa mama yake hayupo, kaka yake mwenyewe hayupo, anayeamua kila kitu ni baba mkubwa mwenye suti. Basi tukaanza kumsubiri mjomba. Kila mwanamume mgeni akipiga hodi katika jumba lile tunasema huyo sasa, amefika. Mmoja akawa fundi bomba, mwingine akawa askari. Mwalimu Benjamin, mpangaji wa Ziada anayetoka Kagera, alitucheka mpaka akakohoa. Akasema kwao mjomba hana kiti katika mambo ya namna hiyo, na huenda watunzi nao hawajui. Tulimwonea huruma.

Wenzangu waliliacha hapo, mimi nikabaki nalo. Nilitaka kujua mtu aliyeapa hugeukaje, na kama kuna siku hasa anageuka. Nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza.

Sasa lile neno. Chrispin amekuwa akija kutoka Chiungutwa. Msimu wa kupulizia ulipoanza tulimkuta shambani kwa Mama, mashine mgongoni, anapulizia mikorosho salfa bila kuombwa. Mama hakuitikia salamu yake. Jumapili iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Siku moja Mama alinituma nimpelekee maji, akaniagiza niyaweke chini niondoke, nisimpe mkononi. Baadaye ukawa uji. Baadaye Mama mwenyewe akamuuliza kama amekula. Hapo Chrispin akapiga magoti kwenye majani, akamwomba radhi kwa tusi alilomtolea mbele ya wageni siku Careen alipotoka unyagoni. Akalitaja tusi lenyewe, hakulifunika. Mama alilia. Akamwambia ainuke, amesamehe.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, kwa sababu niligundua nilikuwa nimemsamehe kabla ya Mama, na sikuweza kukumbuka ni siku ipi.

Nataka kurudi kwa mume wangu, Kaka. Bado nampenda, na naona haya kukuandikia hivyo. Najua ulisimama na wakwe zangu kwa ajili yangu hadi mkakosana, na kwamba uliapa sitarudi kule. Utasema nimelegea kama wale wa kwenye tamthilia. Chrispin yuko tayari kuja Masasi akae mbele yako na mshenga wake, useme utakalosema. Lakini wewe ndiye mjomba wa Careen, na wewe ndiye uliyenitoa. Ukikataa nitabaki hapa kwa Mama. Nitaumia, ila nitabaki, wala sitakwenda kwa kificho.

Mama anakusalimu sana, anasema usimpe Chrispin jibu kabla hujaongea naye, mama yako. Bibi Pili na Ziada wanakusalimu. Nifikishie shikamoo kwa mama mkwe wako, na watoto uwabusu.

Ukikubali, usitume mtu. Njoo wewe mwenyewe unishike mkono unirudishe.

Mdogo wako,
Agatha, Mama Careen