Beseni la Sambaza la Mama Séraphine

Ni mwaka na ushee sasa, Mama Séraphine Mukamugema, tangu soko la Kituku linyamaze upande wako. Wenzako wanauza sambaza kama kawaida, vile visamaki vya ziwa letu ulivyovisifu kuliko nyama, ila hakuna anayewatania wanunuzi kama wewe. Sisi wa nyumbani Keshero tuko salama. Tunakuandikia hasa kwa ajili ya Papa.

Unakumbuka, Mama, jinsi Papa Twagirimana, mume wako, alivyoogopa Mpako wa Wagonjwa. Kwao Masisi alimwona kaka yake akipakwa mafuta na kuzikwa kesho yake, na tangu hapo hakutaka kuona padri karibu na mgonjwa. Ulipougua figo mara ya kwanza, alisimama mlangoni na fimbo yake ya ng'ombe, akamwambia Padri Aubin, "Padri, rudi kwanza. Bibi yangu hajafika pale." Nawe ukaita kutoka kitandani, "Muzee, acha aingie! Mafuta ya kukaangia yamekunenepesha miaka yote hii, haya ya Mungu ndiyo yataniua?" Padri aliingia akicheka. Ukapakwa, ukapona.

Halafu ukafanya kama ulivyowafundisha wote wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo inayosali nyumba kwa nyumba: aliyepona baada ya mpako hatumi mtoto wala jirani, anabeba shukrani yake mwenyewe hadi altareni. "Mutu mwenye amepona, mikono yake ndiyo inabeba," ulisema. Ukabeba beseni la sambaza wabichi. Kanisa zima lilinuka ziwa, watumishi wa altare wakaziba pua, na wewe hukuona haya hata kidogo.

Ugonjwa uliporudi, ni Papa mwenyewe aliyekimbia kumwita Padri, amevaa ndala mbili zisizofanana. Ulipakwa sote tukiwepo. Ukaomba viazi na sombe, yale majani ya muhogo uliyoyapenda, ukala. Ukamwita Mama Umuhoza, jirani yako wa sokoni ambaye hamkuwa mkisalimiana naye tangu mlipogombania nafasi ya kuuzia, mkalia, mkala sahani moja. Ukamwomba Papa msamaha kwa maneno ambayo mpaka leo hajatuambia. Siku chache baadaye ukatutoka, adhuhuri, usingizini.

Papa hakulia mbele za watu. Alisema tu, "Ni mimi nimeita Padri. Ni mimi nimefungulia kifo mlango." Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Kila Jumapili alipiga viatu rangi, akavaa kofia, kisha akakaa kwenye kiti chake langoni hadi tuliporudi. Bénita, kitinda mimba wako, alijaribu kumbembeleza, akaambulia "Nendeni, mutachelewa." Tuliogopa, Mama. Tuliona tutawapoteza wawili, wewe kwa kifo na yeye kwa hasira, tena hasira ya kumkasirikia Mungu, ambayo haina wa kuiamulia.

Tulipoanza kupanga misa yako ya mwaka, Mama Umuhoza alifika nyumbani. Hakuzungukazunguka. "Papa Twagirimana, mimi na Séraphine tulikuwa na kidonda, na hakikuwa cha mwili. Kilipona pale kitandani, siku ile ya mafuta. Mimi ninashukuru. Na wewe?" Papa akatazama ukuta, akasema chai imepoa. Basi, tukajua tumetwanga maji kwenye kinu.

Jumapili ya misa tuliamka tukakuta kiti cha langoni ni kitupu. Beseni lako nalo halikuwepo. Mwanao Valentin alitaka kwenda kumtafuta hospitali! Kumbe Papa alikuwa Kituku. Mtu wa ng'ombe, ambaye hajawahi kununua samaki maishani mwake! Wachuuzi walituambia baadaye kwamba alikagua sambaza kwa kuwatazama macho, kama anachagua ndama, na wateja wengine wakangoja mpaka aridhike.

Tulimwona kanisani, wakati wa matoleo, amesimama kwenye mstari na beseni mikononi. Mama Dancille, ambaye ndiye anayepanga mstari huo, alimsogelea kwa heshima. "Papa, hapa wanabeba wenye wamepona. Wewe ulikuwa na ugonjwa gani?"

"Siyo mimi," Papa akajibu. "Ni Séraphine amepona. Mikono yake haiko, nimeleta yangu."

Mama Dancille akampisha. Papa akaenda mbele polepole, maji ya samaki yakimchuruzika kwenye suti, na hakuna aliyeziba pua. Padri Aubin alipokea beseni kwa mikono miwili. Hapo ndipo Papa alipolia, Mama, mbele ya watu wote, na sisi tukalia naye, na tulifurahi.

Tunaokukumbuka ni mume wako Twagirimana; wanao Valentin, Rosette na Bénita; dada yako Uwimbabazi; wajukuu zako; shirika lako lote; na Mama Umuhoza, ambaye siku hizi anaingia kwetu bila kubisha hodi.

Suti ya Papa imefuliwa mara nyingi, lakini harufu imekataa kutoka, naye amekataa tumnunulie nyingine. Anaivaa kila Jumapili. Daima tutakukumbuka, Mama, na Papa anasema ukisikia harufu ya sambaza inapanda huko uliko, ni yeye anakuja misani.