Vipicha Viliporudi Izia

Izia, Sumbawanga

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimevaa sweta mbili na nje jua linawaka. Ndiyo Ufipa hiyo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Goti lako je? Dada Anyisile ameniambia umeanza tena kwenda kwenye shamba la kokoa. Sijui nifurahi au nikugombeze.

Simu yetu hukatika kila tukifika penye maneno ya maana, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kuna mtu nataka umfahamu. Anaitwa Mwalimu Gaudensia, mama wa makamo, mzaliwa wa Kaoze. Kwenye kituo chetu cha elimu ya watu wazima yeye anawafundisha akina mama kusoma na kuandika, mimi nawafundisha kompyuta. Wanafunzi ni wale wale, asubuhi kwake, mchana kwangu.

Kompyuta zetu zinatumia mfumo wa Linaksi, ambao ni wa bure na unakwenda hata kwenye mashine kuukuu. Kwa kuwa wengi ndio kwanza wanajifunza herufi, wanatambua kazi kwa vipicha vilivyopangwa kwenye kioo. Karatasi yenye kalamu ni ya kuandika, spika ni ya kusikiliza. Hodari wao ni Mama Oresta wa Milepa, ambaye amehamia kwa mdogo wake hapa Izia ili asome.

Sasa alikuja fundi kutuwekea vipicha vipya, akaondoka. Jumatatu tukawasha mashine, kila kipicha kimekuwa karatasi nyeupe. Zote zinafanana, Mama, kama vyeti visivyoandikwa kitu. Mama Oresta akabofya mojawapo kwa kubahatisha, mashine ikazimika. Akafunga khanga yake vizuri.

"Mwalimu, hiki kitu ni cha waliosoma," akasema, akatoka.

Kesho yake hakuja. Wengine nao wakaanza kupungua. Mratibu wetu si mtu mbaya, lakini aliniambia wazi, "Darasa likiwa tupu hadi mwisho wa wiki, mashine nitazipeleka sekondari. Huko kuna wa kuzitumia."

Nilihangaika. Nilibadilisha mtindo wa vipicha, nikaviondoa, nikavirudisha, wapi! Gaudensia hakukaa kunionea huruma. Alikwenda pembezoni mwa Izia akamkuta Mama Oresta akilima kwa mdogo wake. Mama Oresta mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye: mwalimu alivua viatu, akaomba jembe, wakapiga matuta pamoja bila kutaja shule. Walipokaa kunywa maji ndipo akamwambia, "Mashine imeharibika. Wewe hukuharibika. Njoo Ijumaa."

Akaja kwangu na udongo miguuni. "Nimewaambia akina mama Ijumaa vipicha vitakuwepo."

"Mwalimu Gaudensia! Hata sijui kosa liko wapi."

"Basi tukae tulitafute." Akavuta kiti. "Kuna mtu yeyote anayeviona?"

"Hakuna. Kwa wanafunzi havipo, hata kwangu havipo."

"Hakuna mwingine anayeingia kwenye hii mashine?"

Nikataka kusema hapana. Kumbe yupo. Kila mashine ina jina la kuingilia la mkuu wake, mwenye ruhusa zote, ambalo mafundi hulitumia kuwekea vitu, na mimi sikuwahi kuingia nalo na kukitazama kioo. Nikaingia. Mama, vipicha vyote vilikuwa pale, vinang'aa!

Ndipo nikajua pa kutazama. Fundi aliviweka kwa jina la mkuu, na folda vilimohifadhiwa ikabaki imefungwa, mkuu peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuifungua. Picha zilikuwepo siku zote, ila wanafunzi walikuwa wamezuiwa mlangoni. Nikaandika amri ya kuwapa wote ruhusa ya kusoma. Nikaingia kwa jina la Mama Oresta. Karatasi nyeupe!

Niliinua mikono. Gaudensia akauliza taratibu, "Ukimfungulia mtu mlango, utamjulishaje kuwa uko wazi?" Nikakumbuka kuwa mashine hujiwekea kumbukumbu ya vipicha ili isivitafute kila mara, na kumbukumbu ile ilikuwa ya zamani. Nikaifuta, nikaiunda upya, nikatoka, nikaingia tena. Vikatokea kimoja baada ya kingine. Gaudensia akapiga kigelegele mpaka mratibu akaja kuchungulia.

Ijumaa walikuja wote. Mama Oresta alisimama mlangoni, akakitazama kioo kwa mbali kwanza, ndipo akaketi.

Nilidhani yameisha. Lakini Gaudensia tangu siku ile akawa anawafundisha maneno yaliyo chini ya vipicha. Andika. Sikiliza. Zima. Juzi akaniomba jambo lililonishtua: niviondoe vipicha makusudi, yabaki maneno tu. Nilimbishia, nikaogopa watakimbia tena. Akasema, "Wewe ondoa."

Nikaviondoa. Mama Oresta akasogeza uso karibu na kioo, midomo inacheza. "A... andi... ka. Andika!" Akabofya. Ukurasa ukafunguka, naye akaandika jina lake, Oresta, herufi moja moja, akatugeukia. Gaudensia alikuwa ameshika khanga mdomoni. Nimefanya kazi na watu wengi, Mama, sijamwona mwalimu kama huyu.

Nisalimie Baba Mdogo, na Bibi kule juu mlimani, mwambie nakula vizuri. Anyisile namshukuru kwa kukuangalia. Watoto wake nawabusu. Mchungaji naye asinisahau katika sala.

Na lile la kuomba uhamisho nirudi karibu na nyumbani: usikasirike, Mama. Sijaomba. Mwakani kituo kinaanza darasa la pili, na nimemwambia Gaudensia nitakuwepo.

Wako akupendaye,
Tusajigwe