Ngamia Watano kwa Miaka Miwili ya Darasa

Jumanne, Garissa. Joto la leo limezidi, hata upepo umegoma, lakini si joto lililonisumbua mchana kutwa. Ni woga. Bora niuandike ulivyo.

Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya biashara ya kilimo. Kwa kuwa nina stashahada, nitasoma miaka miwili tu. Mwisho wa kulipa karo ni Ijumaa. Kila anayesikia ananipa hongera, nami naitikia tu.

Wengine hupiga hesabu ya karo kwa shilingi. Mimi nahesabu kwa ngamia, maana sina kitu kingine.

Kwetu mtoto akizaliwa, baba humtengea mnyama. Tunaita hudun-hir, yaani kufunga kitovu. Mnyama huyo na uzao wake wote ni mali ya mtoto. Mara nyingi hupewa wavulana. Aabo, baba yangu, alinipa mimi binti ngamia jike, na wanaume wa Hulugho, kijijini kwetu, wakamcheka kwamba anamfugia mali bwana harusi asiyemjua. Hakubadili nia. Yule jike alishakufa, lakini aliacha wana na wajukuu. Leo nina watano: madume wawili na majike watatu. Ngamia wa aabo mwenyewe waliisha wakati wa ukame. Wangu ndio waliobaki bomani, na maziwa yao ndiyo chai ya nyumbani.

Nimeandika kwenye daftari. Mwaka wa kwanza unameza madume wote wawili na jike mmoja. Mwaka wa pili unawameza majike waliobaki. Na hapo bado sijala, sijalipa chumba. Tena masomo ni ya mchana, kwa hiyo itabidi niache kazi katika duka la dawa za mifugo, na mshahara uende nayo. Hilo nililisahau kabisa mpaka jana. Na mimi ndiye huyo ninayetaka kusomea biashara!

Jike huzaa kila baada ya miaka miwili hivi. Nitakapokuwa nasubiri matokeo, majike wangu, kama nisingewauza, wangekuwa na ndama wanaonyonya, mvua ikijaliwa.

Sasa mapato. Dukani nakaa kaunta moja na Fardosa, aliyemaliza shahada hiyo hiyo miaka mitatu iliyopita. Tunauza dawa ya minyoo pamoja. Mshahara wake unazidi wangu kwa pesa ya mafuta ya kupikia. Juzi nilimuuliza kama anajuta. Akasema cheti chake kiko ukutani kwa mama yake, kinapanguswa vumbi kila Ijumaa, halafu akacheka na kumgeukia mteja. Sikumuuliza tena.

Kazi za serikali hutangazwa, ndiyo. Zinataka shahada, na watu wanasema zinataka pia mtu wa kukushika mkono. Mtu huyo sina.

Nadhani nilipomwambia aabo atafute mnunuzi, nilikuwa nasubiri akatae.

Aibu yangu ndiyo hiyo. Angekataa, ningelia kidogo, ningerudi kaunta, na lawama ingekuwa yake.

Leo adhuhuri akapiga simu kutoka Hulugho. Mnunuzi amepatikana, anawataka wote watano, lori linakuja keshokutwa. Wallahi nikakaa juu ya gunia la chumvi ya mifugo. Nikamuuliza yeye anaonaje.

"Mimi sikusoma, siwezi kujua shule ni kitu gani," akasema. "Ngamia ni wako, aabo. Sema wewe."

Ndivyo tunavyoitana. Kwetu baba naye humwita mtoto wake kwa jina lile lile analoitwa yeye. Nimelisikia maisha yangu yote, lakini leo nililisikia upya.

Kisha akauliza jambo moja tu: nikimaliza, kazi ipo?

"Ipo, aabo," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Nikaongeza na mshahara, nikautaja kabisa, kama mtu aliyekwisha kutia sahihi. Nikamsikia akishusha pumzi, akasema alhamdulillah. Akasema basi hooyo, yaani mama, ataacha kunisumbua kuhusu kuolewa. Maziwa ya chai watayanunua kwa jirani mpaka nianze kulipwa.

Watanunua maziwa! Aabo, ambaye hajawahi kununua maziwa tangu azaliwe, anapanga kwenda kwa jirani na chupa kwa sababu ya kazi niliyoibuni nikiwa nimekaa juu ya gunia.

Fardosa aliniletea maji nikashindwa kuyanywa. Nimewahi kumficha aabo mambo madogo madogo, lakini kumdanganya kwa jambo linalogusa chakula chake, kamwe.

Kesho baada ya swala ya alfajiri nitampigia. Nitamwambia kazi haipo, mshahara niliutunga, kilichopo ni darasa na kubahatisha. Nitamwambia kabla lori halijafika.

Nikimwambia, hatagomba. Namjua baba yangu. Atasikiliza mpaka mwisho, halafu atasema niwauze tu.

Hapo sitakuwa na mtu wa kumlaumu.