Vidole Vyangu Kwenye Nta

Elia, mume wangu wa Mwanza,

Marahaba. Huku tu wazima. Alizeti tumeshavuna, na yule mbuzi mweusi aliyekula shati lako kazaa mapacha.

Unalalamika kwamba fimbo ya kuvulia samaki unayoitengeneza hapo nyumbani inakushinda kwa joto, gundi ya mpini haitaki kuganda. Unauliza marehemu babu yako alifanyaje na jua letu la Oktoba.

Hakuwa na gundi. Nilikuwa msichana bado, kwetu karibu na ziwa Kitangiri, aliponitengenezea fimbo yangu. Mpini aliuzungushia katani, akaupaka nta ya nyuki, nene. Nta ikabaki laini. Nikamwambia aipeleke kivulini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Shika hapa, kama unavyoshika ukivua."

Nikashika, vidole vikazama. Akadai sijabana vizuri, akaweka mkono wake juu ya wangu, akabana. Tukakaa hivyo mpaka mama akaniita jikoni mara ya pili, kwa sauti nyingine kabisa!

Kivulini nta ikaganda na umbo la mkono wangu. Dada zangu wote waliijaribu ile fimbo, hakuna iliyemkaa.

Basi usigombane na joto. Gundi ikiwa bado laini, mwite mwenye fimbo aishike.

Ila umeandika kwamba mpini umeufanya mwembamba, na wewe una mkono mpana kama wa babu yako. Huyo unayemtengenezea anaitwa nani?

Bibi yako, ninayecheka peke yangu