Ati Yeye Ndiye Mfalme

Mwenzangu, natetemeka kwa hasira. Unajua nilivyokuwa nasitasita kuchapisha kitabu cha ule ulimwengu niliobuni kwa ajili ya mchezo wetu wa dadu, ule wa kuigiza wahusika mezani, na falme zake na ramani zake zote?

Leo shemeji kaja na jalada la kitabu, kalitengeneza mwenyewe. Jina lake juu, langu halipo.

HALIPO!

Namuuliza, "Shem, nini hiki?" Ananijibu bila haya, "Si mimi ndiye niliyecheza mfalme?"

Kucheza mfalme! Mimi nimeumba hadi mito, yeye karusha dadu tu!

Nimelichana mbele yake. Nikamwambia, "Kitabu kinatoka, na kina mwenyewe."

Katoka akibamiza mlango. Mdogo wangu, mkewe kabisa, aliyekuwa kakaa pale pale, hakuinuka kumfuata. Kanisogezea kiti, "Dada, chapisha. Nakala ya kwanza yangu."