Programu Iliyokufa Kila Baada ya Sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nianze na wewe kabla ya habari zangu: goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyomtumia Dada Mwajuma ilikufikia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Lushoto inataka kunizeesha. Nalala na soksi, na blanketi ulilonipa nilipotoka Ujiji liko juu ya mablanketi mawili ya hospitali.

Naandika kwa sababu kwenye simu tulikatizana. Uliposema nirudi nyumbani, kwamba baba mdogo ana nafasi dukani kwake, nilikujibu kwa mkato, nawe ukakata simu. Ulikuwa na haki ya kuogopa. Mganga mfawidhi alikuwa ameniambia kwamba programu ya wagonjwa ninayoisimamia isipotulia kabla sijamaliza muda wa majaribio, hospitali itarudia mafaili ya karatasi, nami nitateremka Mombo kupanda basi. Sikutaka kuondoka nimeshindwa. Na zaidi ya hapo, sikutaka kuondoka nikishukiwa. Hilo la pili sikukuambia.

Ilikuwa hivi. Taarifa zote za wagonjwa zinakaa kwenye mashine moja, sava, ndani ya hifadhidata, yaani majedwali yanayoelewana: hili la majina, hili la vipimo, hili la dawa. Kompyuta za mapokezi, maabara na dirisha la dawa zina programu inayozungumza nayo kupitia waya. Basi kila asubuhi, wagonjwa wa kwanza wakishajaa kwenye benchi, programu inagoma. Karani anaandika jina, anabonyeza, kioo kinamwambia muunganisho umepotea. Siku moja mama mmoja aliyepanda kutoka Mazinde na mtoto mwenye homa alisubiri majibu ya damu ambayo yalikuwa tayari, ila hakuna aliyeweza kuyafungua. Nilimwona anavyomfunika mwanawe kwa kanga, nikajisikia vibaya mno.

Kompyuta ziligoma zote isipokuwa ya kwangu. Matroni wetu, Mama Shekiondo, ni mtu asiyezunguka maneno. Alikuja akasimama mlangoni pangu.

"Ramadhani, wenzako wote wamekwama, wewe tu unapeta. Umeweka nini humo?"

"Sijaweka kitu, mama."

"Haya. Sisi tunatoka kumwomba Mungu, tunakuta mambo yameharibika. Wewe huji kwenye sala, yako nzima. Watu wanasema."

Iliniuma sana. Hospitali hii ni ya kanisa, kwenye kitengo chetu Muislamu ni mimi peke yangu, na mpaka siku ile hakuna aliyewahi kunifanya nijione mgeni. Nikajiambia, sitoki hapa mpaka nimeijua sababu. Nikabadilisha waya, nikapitia nywila, nikaiuliza sava kama iko macho. Vyote vizima. Ukiifunga programu na kuifungua upya inaunganika vizuri, lakini kompyuta zetu ni kongwe, kuamka kwake ni mateso, na huku foleni inafika nje. Ndiyo maana matroni alishaagiza kwamba kila mtu akifika awashe, aingie kwenye programu, ndipo aende kwenye sala, ili akirudi kazi ianze mara moja. Na asubuhi ya hapa si fupi, mama. Kuna wimbo, kuna neno, kuna matangazo, halafu ripoti ya wodini.

Nilikuwa narudia maneno ya matroni kichwani, bado nimekasirika, nikashtuka. Alikuwa amenipa jibu mwenyewe! Wao wakiwa kwenye sala, kompyuta zao zimekaa wazi bila kuguswa. Yangu muda wote huo naitumia. Na Ijumaa nikienda msikitini nazima kila kitu kwanza, kama ulivyotuzoesha kuzima taa hata tukitoka kidogo tu kwenda uani.

Kesho yake nikafungua programu, nikaiacha, nikaenda kwenye sala yao. Nilikaa benchi la nyuma, kofia yangu mkononi. Mama Shekiondo aligeuka kunitazama, akageuka tena. Ripoti ilipokwisha nikatoka mbio, nikabonyeza.

"Imekufa!" nilipiga kelele. "Na yangu imekufa!"

Matroni akafika anahema. "Sasa unafurahia nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Hifadhidata ikiona mtu amekaa kimya muda mrefu, inamfungia mlango. Programu haina habari, inarudi na kujigonga palepale. Siku ile ile nikairekebisha. Sasa kabla ya kuuliza chochote inapiga hodi, na isipoitikiwa inajifungulia njia mpya. Asubuhi iliyofuata walitoka kwenye sala, karani akaandika jina, na jina likaja. Imekuwa hivyo wiki nzima, na mganga mfawidhi ameniita kuniambia mkataba wangu unaendelea.

Mama Shekiondo aliniletea kapu la peasi kutoka shambani kwake. "Hongea," alisema, ndiyo asante yao ya Kishambaa. "Nilikudhania vibaya, nisamehe." Nilikuwa nimejiandalia maneno makali siku nyingi. Nikayaacha, nikapokea kapu.

Mwambie baba mdogo namshukuru kwa moyo wote, ila ile nafasi ya dukani ampe mwingine. Dada Mwajuma mwambie akuchue goti hata ukikataa, maana nakujua. Bibi mshikie mkono kwa niaba yangu, umwambie mjukuu wake anakula vizuri. Na wewe, mama, nisamehe kwa jibu langu la kwenye simu.

Naimalizia barua hii leo Ijumaa. Mchana Mama Shekiondo alinigongea mlango akasema, "Nenda kasali, Ramadhani. Na leo usizime. Tuone." Basi nimevunja amri yako ya taa. Nimeiacha kompyuta inawaka, programu wazi, nikashuka msikitini mjini, nikasali bila haraka.

Nimerudi, nimebonyeza. Imeitika.

Mwanao, ambaye bado yuko mlimani,
Ramadhani