Wakubwa Watakaa Aprili, Mvua Haitawangoja

Katika shamba la mkonge, Korogwe
12 Februari 1911

Mpendwa Baba Mdogo Asajile,

Leo yatimia miaka miwili na miezi minne tangu nilipoondoka Makwale. Mugonile nyote? Kifua chako kimepona? Na mguu wa Mama Tusekile? Mimi ni mzima, ila mikono yaniwasha kwa utomvu wa mkonge, na usingizi umenipungua kwa jambo hili nikuelezalo.

Chini ya shamba letu kuna bonde la tope lililo bure, kwa maana mkonge haupendi maji. Nasi vibarua twala mchele uletwao kwa meli kutoka Bara Hindi. Mwaka jana nilimwambia Bwana Msimamizi, kwa kinywa cha karani Yohana, kwamba nimekulia kwenye mpunga, anipe bonde lile nijaribu. Akasema vema, lakini shamba si lake. Lina wakubwa tisa wa kampuni wakaao barazani Ulaya, nao ndio waamuao kila jambo jipya. Msimamizi aliyemtangulia alipanda pamba bila kuwauliza, ikafa, akaitwa arudi kwao. Tangu hapo hakuna athubutuye hata kuhamisha kisima.

Basi Bwana aliwaandikia. Nilimweleza pia desturi yetu, kwamba vijana hupewa ardhi pembeni wajenge kijiji chao, na wazee huwatazama bila kuwashika jembe. Yohana asema aliitia katika barua.

Wakajibu kwa maswali. Nani atalaumiwa mpunga ukifa? Wakilima bondeni, mkonge atakata nani? Mmoja tu, ambaye zamani alifika hapa akavua viatu akaingia topeni, aliuliza maji husimama siku ngapi. Wengine wanane hawajaliona bonde.

Wiki tatu zilizopita likaja jibu jingine: watalizungumza kikaoni mwezi wa Aprili. Aprili bonde litakuwa limejaa maji, na asiye na miche hana mpunga. Wenzangu wanicheka. "Tuntufye, wakubwa wako wameliona bonde kwenye ramani?" Naye Raphaeli, jirani yangu wa kitanda, hujibu kwa niaba yangu: "Bado wanalitafuta. Wamefika Bara Hindi."

Kisha Bwana akaniita. "Jumapili nitakagua kule kilimani," akasema. "Kutoka kule bonde silioni." Nikamwelewa. Unisamehe, Jumapili ile sikwenda kusali, nilisia kitalu. Sasa miche ina urefu wa kidole. Wakikataa itang'olewa, na Bwana ataitwa kwao kama mwenzake. Kila mjumbe wa posta akipita, naacha kukata na kumtazama.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Mdogo wangu Anyisile aliniarifu kwamba yeye na rika lake wamewaomba ninyi wazee lile bonde la chini huko nyumbani, walime mpunga, na huu ni mwaka wa pili mnasema mtakaa kikao. Najua mnawaogopea ng'ombe malisho. Lakini, Baba, wewe u mmoja wa hao wakaao. Nenda ukavue viatu, ukanyage tope mwenyewe. Mkikubali, kubalini kabla ya mvua. Hata mkikataa, kataeni mapema, wapate kutafuta pengine. Kukataliwa navumilia, kungoja kwanichosha kuliko mkonge.

Nisalimie dada Angetile, Nsajigwa na wanawe, na Bibi Marta, umwambie shuka lake bado najifunika. Mungu awape mvua ya kiasi na zizi lisilopungua. Ndaga kwa kunilea.

Mkataba wangu waisha Agosti. Wakubwa wakubali wasikubali, sitautia alama mwingine. Nitegemeeni Oktoba, nikiwa na mbegu begani au mikono mitupu. Sitapitia nyumbani kwanza. Nitashukia bondeni kwa Anyisile nione kama kuna mabua ya mpunga.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Tuntufye